Okteni kubwa sio nguvu: petroli gani uweke kwenye pikipiki yako

Kwa miezi karibu minane nilikuwa naijazia pikipiki yangu ya cc 125 petroli ya okteni 98, ile ya bei ya juu, nikiamini naipa injini nguvu. Siku moja nikafungua kitabu kilichokuja na pikipiki nikakuta wameandika 91 inatosha. Nikarudi kwenye 91 nikakaa kusikilizia, na sikuona tofauti yoyote, mlima uleule naupanda na gia ileile, lita moja inanifikisha palepale.

Okteni sio kipimo cha nguvu jamani. Inaonyesha petroli inavumilia kiasi gani kubanwa na kupata joto bila kujilipukia yenyewe nje ya moto ulioanzishwa na plagi. Injini nyingi ndogo zinabana mchanganyiko wa hewa na petroli kama mara 9 hivi, hapo 91 inatulia kabisa, ila pikipiki za spoti zinafika mara 12 au 13 na hizo ndo zinataka 95 au zaidi, sio mapambo.

Hilo nalo nimelipata kwa gharama. Pikipiki iliyofuata kitabu chake kinasema 95, mimi nikabana hela nikaweka 91 wiki kadhaa, nikawa nasikia mlio kama misumari inatikiswa kwenye kopo, ndo injini inagonga, yaani petroli inajilipukia, hasa kwenye mlima nikiwa gia kubwa nimevuta mafuta yote. Nikaendelea nayo tu. Fundi alipofungua plagi akaniita nione kwa karibu, ile kaure nyeupe ilikuwa na vidoti vidogo vinang'aa kama chenga za fedha, akasema hiyo ni aluminiamu ya kichwa cha pistoni inamong'onyoka. Nilisikia vibaya sana.

Kwa hiyo anza na kitabu au stika ya karibu na tenki, na uangalie ni namba za wapi, maana Marekani wanatumia kipimo kingine, 87 yao ni karibu sawa na 91 ya RON, kipimo cha okteni kinachotumika nchi nyingi. Watu wengi wanachanganya hapa.

Na kama unaweka namba sahihi na bado inagonga, usikimbilie kupandisha okteni. Mara nyingi tatizo ni kaboni iliyojaa juu ya pistoni, au taiming imewahi, yaani plagi inawasha moto mapema mno, au kabureta inatoa mafuta kidogo, au injini inachemka, na wakati mwingine ni uendeshaji tu, unalazimisha gia ya nne mahali panapotaka ya pili. 98 itanyamazisha mlio lakini ugonjwa unabaki ndani. Pikipiki nyingi, hasa za kabureta, hazina sensa ya kusikia injini ikigonga ili irekebishe yenyewe kama magari mengi ya siku hizi, sensa ni sikio lako.

Ukikwama safarini ukakuta iliyopo ni ya okteni ndogo kuliko inayotakiwa, weka kidogo tu ya kukufikisha, usijaze tenki. Nenda taratibu, shusha gia mapema kabla ya mlima, usivute mafuta kwa nguvu, halafu ukipata petroli yake jazia juu yake, zitachanganyika na namba itapanda.