Kijivu cha kadi, zambarau ukutani

SWALI: Asalaam aleikum. Nimepaka sebule kijivu chepesi nilichokichagua dukani kwa kadi. Ukutani kimekuwa kama zambarau, asubuhi ndiyo zaidi. Sakafu ni vigae vya rangi ya malai, milango ni ya mbambakofi, madirisha yanatazama kichochoro. Fundi asema dukani walikosea kuchanganya. Ni kweli?
Mama wa Kuze

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Huenda wa dukani wanasingiziwa. Kijivu kitupu ni nadra. Kingi kina buluu, kijani au zambarau ndani yake. Weka kadi yako juu ya karatasi nyeupe, kando ya kadi nyingine za kijivu, utaiona.

Kisha kuna mwanga. Jua haliingii kichochoroni moja kwa moja. Unaokufikia ni mwanga wa anga, nao una ubuluu. Ukuta wa jirani ukiwa mweupe (na tangu agizo la Kaunti ya Mombasa la 2018 la kupaka majengo nyeupe na buluu, weupe haukosi huko), ubuluu huo hurudishwa ndani kwako. Nao umanjano wa vigae hufanya kijivu kilicho jirani kionekane zambarau zaidi.

Anza na visivyobadilika: sakafu na mbao. Nenda dukani na kigae cha akiba. Kwa malai na mbambakofi, tafuta rangi yenye umanjano au ukahawia kidogo: mchanga mkavu, ganda la yai, kijivu cha kahawia. Nyeupe pe iepuke, itafanya vigae vionekane vichafu. Dari ipake rangi hiyohiyo iliyochanganywa kwa nusu ya nguvu.

Usijaribie ukutani, kijivu cha sasa kitakudanganya. Paka kadibodi nyeupe ya nusu mita kwa nusu mita, mara mbili, uache ukingo mweupe. Ngoja hadi kesho yake, kwani emalshoni (rangi ya maji ya ukutani) ikikauka huzidi kukolea. Ihamishe ukuta hadi ukuta, uitazame saa mbili asubuhi, saa nane mchana, na baada ya magharibi taa zikiwaka. Taa yenyewe soma boksi lake: 6500K ina ubuluu na itakurudishia zambarau, 3000K itapatana na mbao.

Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo 2.8, kina kuta za mita za mraba 42. Toa mlango na madirisha mawili, zabaki kama 36. Lita moja hufunika takriban mita 10, kwa hiyo kupaka mara mbili ni lita 7 na kitu: makopo mawili ya lita 4. Yamimine yote kwenye ndoo moja uyakoroge kabla ya kuanza, maana kopo na kopo hutofautiana kidogo. Chukua isiyong'aa. Inayong'aa huanika kila kibonge cha ukuta wa zamani.

SWALI: Futi mbili za chini za ukuta wetu wa mawe ya matumbawe rangi hubambuka kila mwaka. Tupake gani?
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Kwanza msipake. Unyevu hupanda kutoka chini na kubeba chumvi, nayo ndiyo huisukuma rangi. Kwangueni yote, mpanguse unga mweupe kwa brashi kavu (maji huurudisha ndani), mzibe kwa plasta ya chokaa. Saruji hufungia unyevu, ukapanda juu zaidi. Plasta ikikauka kabisa, pakeni chokaa iliyotiwa rangi ya unga. Emalshoni hapo itabambuka tena.