Kabla Hamjapokea Fulana: Kwa Vijana Wanaodai Serikali Ibane Matumizi

Mwezi huu vijana watatu wa mitaa mbalimbali wameniuliza jambo moja. Wameanzisha kikundi cha kudai serikali ipunguze matumizi, chama fulani kimewajia na msaada, je, wapokee? Nimewaambia wasipokee. Kikundi chetu kilipasuka kwa jambo hilohilo.

Tulianza Juni 2024 hapa Mombasa, Mswada wa Fedha ulipokuja na VAT ya asilimia 16 kwa mkate na tozo ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Tulikuwa kumi na wanane, tukikutana barazani baada ya isha: dereva wa tuktuk, wauza viazi karai, walimu wawili, wanafunzi. Hakuna aliyeulizwa chama chake. Nchi nzima ilikuwa ikisema hatuna kabila, hatuna kiongozi, hatuna chama. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi na vijana wakauawa kwa risasi. Mola awarehemu. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia saini mswada. Tarehe 5 Julai akatangaza mashirika 47 ya umma yavunjwe na washauri wa serikali wapunguzwe kwa nusu. Tulilia kwa furaha na kwa uchungu pamoja.

Tarehe 24 Julai, Rais akateua viongozi wanne wa ODM, wakati huo chama kikuu cha upinzani, kuwa mawaziri, akiwamo Hassan Joho aliyekuwa gavana wetu. Barazani pakabadilika usiku huohuo. Waliokuwa wakihesabu ofisi za kufutwa walianza kuhesabu nafasi za kazi. "Sasa na sisi tumo," mmoja akasema, na sikuweza kumlaumu, ana watoto wanne.

Septemba likaja katoni kutoka kwa mwanasiasa mmoja. Kijana wa boda alilitua barazani, akakata utepe kwa ufunguo wa pikipiki. Ndani fulana nyeupe: kifuani maneno yetu, "Punguzeni Matumizi", mgongoni picha ya mheshimiwa. Dereva wa tuktuk aliishika moja, akaigeuza mbele na nyuma, akaikunja upya kwa utaratibu, akairudisha katonini. Wengine walivaa palepale. Wiki iliyofuata tulikuwa saba.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Watu wa vyama si lazima wawe wabaya, wengine ni ndugu zetu. Lakini chama huwaweka wafuasi wake kwa vyeo, tenda na ajira. Ukidai ofisi zipungue, unagusa sahani yake. Kikiwa nje kitawapigia makofi, kikiingia ndani mtakuwa kero. Lijueni hilo mapema, msije mkavunjika moyo.

La pili, shikeni tarakimu. "Serikali ipungue" ni maneno ambayo mwanasiasa yeyote anaweza kuyaazima. Sisi saba tulichagua fungu moja tu, la usafiri, katika makadirio ya bajeti ya kaunti. Kisheria makadirio hayo hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hivyo jipangeni kuanzia Januari. Mkinyimwa hati, andikeni barua mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Inawapa maafisa siku 21 kujibu. Tuliposoma, mwalimu alikuwa akitaja kiasi, muuza viazi akijumlisha kwa simu yake, kisha wanabadilishana kuhakiki. Ilituchukua jioni tatu.

Kwenye kikao cha maoni ya umma msitegemee kuinua mkono. Mara nyingi muda huliwa na nyimbo na salamu za waheshimiwa. Pelekeni maoni kwa maandishi, nakala mbili, na yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Katiba, kifungu cha 201, inataka wananchi washiriki katika mambo ya fedha za umma, na karatasi yenye muhuri ndiyo itakayoonyesha kwamba mlishiriki.

Pesa: shilingi hamsini kwa wiki, zinaandikwa daftarini mbele ya wote. Zinatosha fotokopi na nauli. Nauli ya chama msiiguse.

Wala msimkataze mtu kuwa na kadi ya chama. Mtabaki na watu wawili. Kanuni yetu, iliyo ukurasa wa kwanza wa daftari, ni kwamba anayetaka kiti huacha uongozi siku hiyohiyo. Majuzi katibu wetu alitangaza kwamba anautaka uwakilishi wadi 2027. Alirudisha daftari na faili kabla ya chai kumiminwa, tukamwombea heri. Akishinda, barua yetu ya kwanza kuhusu fungu la usafiri itaandikwa kwa jina lake.