Mwanangu, jibini ya oveni haimngoji mtu

Mwanangu,

Sisi huku Nakuru hatujambo. Baridi ya asubuhi imerudi na baba yako amerudia lile koti lake ambalo nyote mmeshindwa kulitupa.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka kuwaokea wageni wa Jumamosi brie, ile jibini laini ya Kifaransa, iliyovikwa unga, na matunda ndani yake, wapate kitu cha kuanzia kabla ya samaki. Ukauliza: utumie peasi au plamu? Na ukikosa brie hapo Kisumu, gauda haiwezi kushika nafasi yake? Nitakujibu yote mawili, usiwe na haraka. Ila kuna jambo hukuniuliza na ndilo kubwa kuliko hayo, nalo ni saa. Wageni wako watafika saa ngapi? Ile uliyowaambia naijua. Nauliza saa watakayofika.

Unajua ninavyoamini: chakula kimngoje mgeni, mgeni asingoje chakula. Nimewalea nyote kwa neno hilo na sijaona la kunibadilisha. Pilau humngoja mgeni. Ipalie makaa juu ya kifuniko, hata akichelewa mchana mzima atakuta pilau. Maharagwe humngoja mgeni na kesho yake ni matamu zaidi. Chapati zikunje kwenye kitambaa uzitie kwenye hotipoti, zitavumilia. Lakini jibini ya oveni haina uvumilivu hata kidogo. Ikitoka, inahitaji kama dakika 10 itulie, la sivyo ukitia kisu inamwagika yote kwenye sahani. Baada ya hapo iliwe mara moja. Ikipoa inakaza, mafuta yanajitenga, na unga wa chini unanyonya maji ya matunda mpaka unalegea kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai.

Nasema hivyo kwa sababu niliyaona kwa macho yangu, siku ile ya sherehe ya baba yako kustaafu. Ulikuwepo, ila ulikuwa umejifungia chumbani na vitabu vya mtihani, kwa hiyo unakijua kicheko tu, hujui kilichotangulia.

Nilikuwa nimeitafuta brie ile kwa wiki nzima. Unga wa tabaka niliukanda mwenyewe, siagi na unga, kunja, laza kwenye friji, kunja tena. Plamu zilikuwa za msimu, za kando ya barabara pale Soko Mjinga, nyekundu mpaka ndani. Nikazipika na sukari kidogo na kijiti cha rozimari kutoka kwenye ua wa jirani. Nikafunga jibini yangu vizuri, nikakata majani madogo ya unga nikayapanga juu, nikapaka yai. Ilipendeza, mwanangu. Hata mke wa bosi wa baba yako, aliyekuwa ameshafika na kuketi, aliingia jikoni akaitazama akanyamaza.

Watu wa Kakamega walikuwa njiani kwa matatu ya kukodi. Nikapiga simu. Shangazi yako akapokea: "Wifi, tumefika Salgaa." Kutoka Salgaa mpaka kwetu Section 58, hata malori yakiwa mengi, hesabu yake naijua. Nikaingiza trei kwenye oveni. Baadaye kaka yako alikuja kuniambia kwamba shangazi yako alipopokea simu ile walikuwa Timboroa, mbali nyuma ya Salgaa, wameshuka kununua viazi. Timboroa! Na ukungu wote ule, na Mau Summit bado hawajaifikia!

Basi jibini ilitoka ikiwa ya dhahabu, na hapakuwa na mtu wa kuila isipokuwa yule mama mmoja na mumewe, na sikuweza kuikata kwa watu wawili huku gari zima liko njiani. Mimi niliyesema maisha yangu yote chakula kimngoje mgeni, nikasema basi na kingoje. Kikangoja. Walipoingia ikabidi niirudishe kwenye moto, na huko ndiko ilikopasuka ubavuni. Jibini yote ikatoka na plamu zake. Nikaileta mezani hivyo hivyo, ningefanyaje? Shangazi yako akaitazama, akaweka mkono kifuani, akasema kwa ile sauti yake ya kanisani: "Wifi, hii samosa yako imejifungua?"

Walicheka mpaka mzee wa kanisa akavua miwani. Na mpaka leo nikienda Kakamega kwenye matanga au harusi, yupo mtu wa kuuliza kama samosa yangu na mtoto wake hawajambo. Baba yako anasema niliache, ni utani wa wifi na wifi. Ni utani, ndiyo. Lakini aliyechelewa ni nani? Aliyesema Salgaa akiwa Timboroa ni nani?

Tena nikwambie lisilosemwa kwenye ule utani: sahani ilirudi jikoni tupu. Shangazi yako mwenyewe alichovya mkate kwenye ile iliyomwagika, akachovya tena, na mwishowe akakwangua trei kwa kijiko akidhani namtazama mtu mwingine. Mwenye kuoka jibini ajue hilo. Ikipasuka imepoteza sura, haijapoteza ladha.

Haya, maswali yako.

Gauda hapana. Ni jibini nzuri, na zinazotengenezwa huku kwetu Bonde la Ufa sina neno nazo, lakini kazi yake ni nyingine. Brie ina ngozi nyeupe, ule ukungu unaoliwa, na ngozi hiyo ndiyo mfuko wake: ndani inayeyuka, nje inashika. Usiimenye. Gauda haina mfuko. Ukiifunga kwenye unga itavutika nyuzi nyuzi na kutoa mafuta, na ikianza kupoa unatafuna mpira. Feta na halumi ndizo kabisa hazitaki kuyeyuka, utaoka saa nzima ukute umbo lile lile. Ukikosa brie, tafuta kamambea, ni ndugu yake mdogo na inafanya kazi ile ile. Ukikosa zote mbili, acha unga. Chukua peasi, kata nusu, toa moyo, weka jibini laini ya mbuzi pale kwenye shimo, asali ya Baringo juu, makadamia zilizopondwa, kisha oveni mpaka jibini ianze kushika rangi. Hicho ni chakula cha heshima, na kusema kweli kinavumilia kuchelewa zaidi. Lakini umeuliza brie, basi tuendelee na brie.

Peasi au plamu? Mimi moyo wangu uko kwa plamu kwa sababu ya uchachu. Jibini hii ni mafuta matupu, inataka kitu cha kuikata, na ngozi ya plamu inafanya hivyo bila limau. Peasi ni tamu na pole, inafuata jibini badala ya kubishana nayo. Lakini plamu ina maji mengi, na maji ndiyo adui wa unga. Ukichagua plamu, zipike kwenye sufuria pana mpaka ukipitisha kijiko chini njia ibaki wazi, kisha ziache zipoe kabisa. Ukichagua peasi, zile ngumu za huku milimani ndizo nzuri kuliko laini za dukani. Katakata vipande vidogo, kaanga na siagi kijiko kimoja, asali, limau, mpaka maji yakauke. Matunda ya moto juu ya jibini baridi ndani ya unga wa siagi ni vita ya watu watatu. Kila kitu kiwe baridi. Na wiki hii plamu hazipo sokoni, kwa hiyo swali limejijibu lenyewe. Matunda damu nayo ungeweza, yana uchachu wa kutosha, ila mbegu zake si kila mgeni anazipenda.

Joto la hapo kwako ndilo linalonitia wasiwasi. Mimi nafanyia unga wangu Nakuru, ambako asubuhi hata siagi ya mezani haipakiki. Kisumu siagi italainika mikononi mwako kabla hujamaliza kona ya kwanza, na tabaka zikishikana hazitainuka tena. Kwa hiyo fanya alfajiri, kabla bati halijapata moto. Ukinunua ule unga uliogandishwa tayari, sitakucheka. Utandaze upana wa kutosha kufunika, jibini itoke kwenye friji dakika ile ile, matunda juu, kunja kingo kama bahasha, geuza mkunjo uwe chini, paka yai, na urudishe kwenye friji nusu saa au zaidi. Toboa kitundu kidogo juu mvuke upite. Kitundu hicho kilipaswa kuniokoa maneno mengi, lakini jikoni kwangu kilikuwepo, na ubavu ndio uliopasuka, kwa hiyo usiniulize. Oveni iwe imeshafika nyuzi 200 kabla trei haijaingia. Dakika 25, tazama rangi kuliko saa, na kama upande wa nyuma unaunguza, igeuze trei katikati ya safari.

Na ulizia kwa adabu kama kuna mgeni mjamzito. Madaktari huwakataza wajawazito hizi jibini laini zenye ukungu kwa sababu ya bakteria wa listeria, isipokuwa zimepikwa mpaka zinatoa mvuke katikati. Mwenye mimba muwekee karanga na tunda, usimlazimishe kukueleza sababu mbele ya watu.

Mjomba wako aliyepita hapa Jumapili alisema hiki chakula ni mambo ya Wazungu, mgeni wa Kisumu apewe samaki. Samaki atapewa, nani kamnyima? Lakini nilimjibu. Babu yako alikamua ng'ombe wa watu kule Molo miaka na miaka, maziwa yakapakiwa kwenye makopo kwenda KCC, ile kampuni ya maziwa ambayo imekuwepo tangu 1925, na mezani kwake hapakuwahi kukaa kipande cha jibini. Sasa mjukuu wake akiioka kwake, kwa pesa zake, hiyo ni ya nani? Tena kama ni kufuata Wafaransa, wao wenyewe jibini huila mwishoni, kabla ya kitamu cha mwisho, na si kawaida yao kuivika unga hivi. Kuioka na kuianza karamu nayo ni mazoea ya Wamarekani zaidi. Kwa hiyo hakuna aliye na haki ya kukusahihisha.

Sasa narudi kwenye saa. Nimefikiri usiku kucha nikaona neno langu halijavunjika: chakula kimngoje mgeni. Kinachomngoja ni trei kwenye friji, imefungwa, imepakwa yai, tayari. Oveni iwe moto. Mgeni akishaketi, na nasema akishaketi, si akipiga simu, ndipo unaingiza. Mpe maji, mpe sharubati ya pasheni na karanga, mwulize habari za watoto wote kwa majina. Itafika mezani kabla hajamaliza kujibu. Lakini hapo naona baba yako akinikodolea macho, maana kwa hesabu hiyo mgeni ndiye anayengoja chakula. Si kweli. Anazungumza. Kuzungumza si kungoja.

Na jambo la mwisho, ambalo hukuniambia, nimeambiwa na kaka yako: shangazi yako ni mmoja wa wageni wa Jumamosi. Kwamba umemwalika mwenyewe, na umechagua chakula hiki hiki. Mimi sisemi kitu. Ni nyumba yako, na ni dada ya baba yako, na miguu yake siku hizi haimruhusu kwenda mbali, kwa hiyo kumwita ni jambo jema. Kama ni kwa makusudi, sisemi pia. Ningekuwa mimi, ningemwekea kuku na ubwabwa nikamaliza. Lakini si mimi. Baba yako amesoma mpaka hapa na anasema tayari nimeshasema. Sijasema.

Ila kipande chake kitoe katikati, penye jibini nyingi, na umkatie wa kwanza. Akiuliza umejifunza wapi, mwambie intaneti. Ama mwambie ukweli, amua mwenyewe.

Mama yako