Masaji ya mgongo kwa mtu wa boda
Ndugu yangu, umeuliza masaji gani inafaa mgongo wa mtu anayeendesha boda Kampala kutwa nzima, mi ningesema anza na ile ya Kiswidi, wanapaka mafuta mikono inateleza polepole, misuli inalegea na usingizi unakuja vizuri. Ile ya kukandamiza ndani kabisa ni ya misuli iliyokaza mafundo, inauma na kesho yake unaweza kusikia maumivu kidogo, so mwambie anayekukanda apunguze nguvu usivumilie tu. Ya Kithai unabaki na nguo zako, unanyooshwa. Ila tafadhali sana, kama mguu mmoja umevimba na una joto usikubali kukandwa, inaweza kuwa damu imeganda, kimbia hospitali kwanza.