Manesi wamekuja kutupima kazini, wenzangu wanakimbia

SWALI: Anti shikamoo. Nipo kiwanda cha samaki hapa Mwanza, upande wa minofu ya sangara. Juzi ofisi ilileta manesi kupima presha na sukari bure, na kila jumamosi asubuhi kuna joging, tisheti tumepewa. Wenzangu karibu wote wamegoma kupima, wanasema ni mtego, wakishajua nani mgonjwa mkataba hauongezwi. Wamenichagua nikawasemee kwa mabosi, nianzie wapi? Na mimi mwenyewe nipime? (Mama wawili, Igoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wenzako hawachukii afya zao, hao hao mtoto akiumwa usiku wanakimbia naye hospitali ya Sekou Toure kwa bodaboda bila kuuliza bei. Wanachoogopa ni ile karatasi ya majibu inaishia kwa nani, na mtu wa mkataba wa miezi mitatu mitatu ana haki kabisa ya kuogopa.

Kwa hiyo anzia hapo. Waombe mabosi waseme mbele ya watu wote, na waandike wabandike ubaoni, kwamba majibu anapewa aliyepimwa mkononi mwake na ofisi inapata jumla tu bila majina. Hapo hamuombi fadhila, taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sheria ya ajira ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu au VVU. Ila usichanganye na vile vipimo vya wanaoshika chakula au vya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, vya kuangalia kama kazi inakuumiza, hivyo vina sheria zake, msigomee.

Sasa hiyo joging jamani. Mtu kasimama kwenye meza ya minofu tangu alfajiri, maji yanatiririka miguuni, gambuti zina baridi, vidole vimekufa ganzi kwa barafu mpaka kisu hakisikii vizuri, mgongo unawaka moto, halafu jumamosi unamwamsha akimbie barabarani na tisheti ya kampuni, lazima aone anachezewa! Mimi ningesema hela ya tisheti inunue viti na glavu nzuri za kuvaa ndani, na watu wapewe dakika kumi za kunyoosha mgongo ndani ya muda wa kazi unaolipwa. Na kama wanapima basi wapime na kichocho, sisi wa kando ya ziwa tunafua humo na watoto wanaoga humo, na dawa yake praziquantel ni vidonge vya kumeza tu, wala haichukui wiki.

Uliza na bima pia. Ya NHIF, yaani mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa kawaida ni asilimia 6 ya mshahara, mnagawana na mwajiri 3 kwa 3, na inatibu mpaka mwenza na watoto. Kadi ya hivyo sijaona mfanyakazi akiikimbia.

Wewe pima, tena usichelewe, presha inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili yoyote. Kama manesi wa ofisini huwaamini nenda kituo cha afya cha karibu, kaa utulie kidogo kabla hawajakufunga mkanda mkononi, na ikisoma juu usipaniki, rudi siku nyingine upimwe tena maana kipimo kimoja hakitoshi kusema una presha.