PCR imeonyesha chanya: je, chaza wetu wanauawa na Perkinsus?

Swali: Chaza wa asili kwenye mwamba tunaoufuatilia wanakufa. Tulipima matamvua ya chaza 30 kwa PCR (kipimo kinachonakili DNA ili kuitambua), 11 wakaonyesha *Perkinsus marinus*, kimelea cha seli moja. Kwenye slaidi za histolojia (mikato myembamba ya tishu inayotazamwa kwa hadubini) za chaza hao hao hatukuona kitu. Je, tuandike kwamba kimelea hiki ndicho kinachowaua? Mwenzetu mmoja anasema rangi ya nyama pekee inatosha kuthibitisha.

Jibu: Msiandike hivyo. Mlichopata ni DNA, na DNA peke yake si ugonjwa. Chaza huishi kwa kuchuja maji, na mlichopima ni chujio lenyewe. Seli za kimelea zinazopita majini, hata zilizokwisha kufa, hunasa kwenye matamvua na PCR ikazisoma, ilhali ndani ya mwili hakuna maambukizi. Ripoti za namna hii zinaandikwa kila mara, na zinachosha: mstari mmoja kwenye jeli inayoonyesha matokeo ya PCR, halafu vifo vya mwamba mzima vinabebeshwa kimelea kimoja.

Kabla ya yote, kagueni maabara yenu. Kisu kilichopasua chaza wa kwanza kikipanguswa tu, hubeba DNA hadi kwa wa pili. Kitumbukizeni kwenye dawa ya klorini, suuzeni, kisha endeleeni. Kila kundi la sampuli liwe na mrija mmoja usio na nyama uliopitia hatua zote za kutoa DNA. Mrija huo ukitoa chanya, chanya zote 11 zitupwe na kazi irudiwe.

Slaidi safi nazo zisiwatulize. Mkato wa mikroni 5 ni kipande kidogo mno cha mnyama, na maambukizi mepesi huponyoka kirahisi. Kipimo kinachokosekana hapa ni cha Ray, kinachotumia kioevu cha kukuzia kiitwacho thioglikolati. Chukueni chaza walio hai. Nyama iliyogandishwa au kuhifadhiwa kwenye formalini haifai, kwa kuwa seli za kimelea lazima ziwe hai ndipo zivimbe. Kateni vipande vya matamvua, joho (utando laini unaofunika mwili) na mwisho wa utumbo, vyenye urefu wa milimita 5 hadi 10, mviweke kwenye mirija ya kioevu hicho chenye antibiotiki na nistatini. Bila dawa hizo bakteria na kuvu hula nyama kabla hamjasoma chochote. Laza mirija gizani siku 5 hadi 7, takriban nyuzi 27 za Selsiasi. Kisha katakateni nyama kwenye slaidi, mdondoshee iodini ya Lugol, mfunike na msome mara moja, kwa sababu rangi hufifia. *Perkinsus* huonekana kama duara za bluu nyeusi. Pangeni wingi wake kwa ngazi za Mackin, 0 (hakuna) hadi 5 (wengi mno): chaza wenye 1 hawaelezi vifo vya mwamba, wenye 4 na 5 wanaweza.

Kipimo cha Ray hutambua jenasi tu. Spishi huthibitishwa kwa kusoma mfuatano wa DNA wa eneo la ITS, sehemu ya DNA inayotofautiana kati ya spishi. Histolojia ndiyo inayoonyesha kimelea kiko ndani ya tishu na kinaidhuru: seli mviringo yenye vakuoli (kifuko cha ndani ya seli) kubwa iliyosukuma kiini pembeni, mfano wa pete yenye kito. Kwa hiyo kila chaza agawanywe: mkato wa milimita 5 unaopita tezi ya mmeng'enyo uende kwenye Davidson, kioevu cha kuhifadhi tishu, kwa saa 24 hadi 48, kipande kingine kwenye ethanoli ya asilimia 95, kingine kwenye thioglikolati.

Kuhusu rangi ya nyama, hapana kabisa. Nyama nyembamba, iliyofifia na yenye majimaji utaikuta kwa chaza aliyetoka kutaga, mwenye njaa, au aliyepigwa na maji ya mafuriko yasiyo na chumvi. Hakuna jicho linaloona seli ya mikroni chache, na anayedai kuiona anawapotosha watu wanaotegemea mwamba huo.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wanaopata hasi. Chaza 30 wakitoka safi wote, kimelea bado kinaweza kuwamo kwa karibu chaza 1 kati ya 10. Ili kukinasa kikiwa kwa asilimia 2, kwa uhakika wa asilimia 95, mnahitaji takriban 150, tena mkichukua kipindi cha joto ambapo *Perkinsus* hushamiri. Watu hupima wachache msimu wa baridi, wakatangaza eneo salama, kisha wakahamishia chaza wao kwenye miamba mingine. *P. marinus* imo kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, hivyo shaka yenu tu inatosha kuiarifu mamlaka ya afya ya wanyama wa majini. Hadi mfuatano wa DNA na slaidi vikubaliane, asitoke hapo chaza hata mmoja, wala makombe mabichi yenye mabaki ya nyama.