Nianzie wapi kuandika mafunzo ya leveli?

Swali: Mambo! Natengeneza leveli za gemu (hatua anazopita mchezaji) na nataka kuandika mafunzo kwenye wiki ya jamii, ile tovuti ambayo watu wengi wanaihariri pamoja, ila naogopa kuharibu kurasa za wenyewe, nifanyeje?

Jibu: Poa. Usiogope, wiki inatunza historia ya kila badiliko, ukikosea toleo la zamani linarudishwa fasta tu. Anza kwa kurekebisha mafunzo yaliyopo halafu ndo uandike yako, mada moja tu, mfano kumfundisha mchezaji kuruka bila maandishi, kama gemu ya Super Mario Bros. ya 1985, adui wa kwanza anakufuata mwenyewe, usiporuka umekufa ila unarudi hapohapo mwanzo, hujapoteza sana. Taja toleo la edita (programu ya kutengenezea leveli) unayotumia, wengi hawataji na inakera kweli. Ukibishiwa, nenda ukurasa wa majadiliano.